Kiroba cha Chupa Nyuma ya Ghala

Mama hatupi kitu kinachooza. Maganda ya maharage, mabua ya mahindi, majivu ya kuni, vyote vinarudi shambani pale nyuma ya nyumba yetu, Sumbawanga. Hakufundishwa na mradi wowote. Wafipa wamelima intumba miaka mingi: mvua ikiwa bado inanyesha nyasi hufunikwa kwa udongo, juu ya tuta hupandwa maharage, nyasi zinaozea humo, na msimu unaofuata tuta husambazwa ukapandwa ulezi. Nilipopewa pipa la kijani la taka za jikoni hapa Hamburg, jirani yangu alinieleza jinsi maganda yanavyogeuka mbolea. Nikamsimulia habari za intumba. Aliniuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Kinachotushinda nyumbani ni plastiki. Likizo iliyopita, jioni moja ya baridi kali ya mwezi wa saba, nilimkuta mama akichoma taka shimoni: chupa za maji, pakiti za sabuni, pampasi za wajukuu. Moshi mweusi ulikuwa unatambaa chini kuelekea jikoni. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo kama ule hutoa sumu, na jivu lake ndilo alilokuwa akimwagia chainizi.

"Mama, jivu hili si kama la kuni."

Alinyamaza. Akachokonoa shimo kwa kijiti, akaibua chupa iliyoyeyuka nusu, kifuniko cha bluu bado kimeshika.

"Sasa mwanangu, nikaipeleke wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, na swali lile nimerudi nalo huku.

Kwetu Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na nafuu yake tumeiona mitaroni. Chupa haikuguswa. Ujerumani, tangu mwaka 2003, chupa ya plastiki ya kutumika mara moja inalipiwa amana, sasa ni senti 25. Ukiirudisha dukani unapewa fedha yako. Hata ukiiacha kwenye benchi la kituo cha treni, haikai. Atapita mzee mwenye pensheni ndogo aiokote, jambo linalonihuzunisha kila ninapoliona.

Utaratibu huu kwetu si mgeni. Nani hajatumwa soda akaambiwa na mwenye duka alete chupa kwanza? Chupa ya kioo ina thamani yake, kwa hiyo kreti tupu hupakiwa kwenye gari na kurudi zilikotoka. Plastiki inafika kwa barabara ile ile ya Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ila hairudi. Ni nyepesi mno: unajaza kiroba kizima na mzani hausogei, nauli inameza bei yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezitwika halmashauri mzigo wa taka ngumu, lakini halmashauri haikutengeneza chupa hizo. Aliyezitengeneza akauza ndiye aweke amana, na ndiye agharamie safari ya kurudi. Nalisema hili kwa kila mbunge na diwani atakayenisikiliza.

Mama ameacha kuchoma chupa. Anazisuuza, anazikanyaga, anazitia kwenye kiroba cha mbolea alichokiegemeza nyuma ya ghala. Cha kwanza kimeshajaa, amekifunga kwa kamba ya katani. Kila Jumapili nikipiga simu ananiuliza kama nimepata mtu wa kuja kukichukua.