Gari la kwenda kuhesabiwa

Leo naanza kwa kukiri kosa. Kuna neno lilinitoka mdomoni kwenye yadi ya magari, likatugharimu pesa, usingizi na nusura amani ya nyumba. Neno lenyewe: "Baba, si ndo' hili!"

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2022, jua la Dar si la kusimuliwa. Mgongoni nina mtoto wa miezi minne, mkubwa wa miaka mitano ananivuta gauni, na mbele yetu imesimama Toyota Wish ya rangi ya fedha, viti saba, imefutwa vumbi mpaka unajiona uso. Mume wangu alikuwa ameanza vizuri kabisa. Kanuna, kafungua boneti, kaguna kama mtu aliyeona ugonjwa. Mimi nikaharibu. Muuzaji akatabasamu, akamgeukia yeye: "Bosi, shemeji kashapenda, sasa tunabishana nini?"

Kuanzia hapo bei ya milioni 21 ilishuka kwa laki tano tu, ikagoma. Halafu ikaja ile hadithi mnayoijua: kuna mteja anatoka Dodoma, anafika saa tisa na pesa mkononi. Baba watoto akatoa milioni moja ya kishika uchumba. Tukapanda bajaji kurudi nyumbani tukichekelea kama maharusi.

Haraka yetu ilitoka wapi?

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mume wangu ni Mchagga, na kama unaishi mjini hapa unajua Desemba ni nini kwao. Ni kwenda Moshi "kuhesabiwa". Alishaona picha nzima kichwani: gari jipya, watoto nyuma, mama mkwe kasimama mlangoni. Na kweli gari tulilihitaji. Vitz yetu ilitosha tukiwa watatu. Ukiongeza mtoto mchanga, begi lake, na bibi akija kutusaidia kulea, mtu anabaki barabarani.

Kosa letu la kwanza, tuliuza Vitz mwezi Oktoba, kwa milioni 6, kabla hatujajua tunanunua nini. Wiki sita za bajaji na mtoto mchanga kwenye mvua za vuli zinakumaliza subira yote. Ukifika yadi ukiwa umechoka hivyo, muuzaji anakusoma toka getini.

Kosa la pili ni huo mwezi wenyewe. Novemba na Desemba kila mtu anataka gari la kwendea kwao, na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Tulikwenda sokoni siku ambayo mji mzima uko sokoni.

Jumatatu yake tukamwomba fundi wetu akaliangalie. Aliliendesha mtaa mmoja tu, akarudi. "Dada, hii gia inaruka. Ukitoa N kwenda D inapiga teke." Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akaninusisha. Harufu ya kuungua. Tukadai pesa yetu. Baada ya siku nne za "njoo kesho" tukarudishiwa laki tano. Nyingine tukaambiwa ni "usumbufu". Hatukuwa na karatasi yoyote ya kusema vinginevyo.

Milioni tano za nani?

Usiku ule ndipo nilipopiga hesabu. Akiba yetu ilikuwa milioni 9 na nusu. Ongeza 6 za Vitz, unapata 15 na nusu. Sasa tulikuwa tunanunua gari la milioni 20 na nusu kwa lipi? Nikamuuliza. Akakaa kimya, akazima televisheni.

"Nimeomba mkopo SACCOS ya kazini. Milioni tano. Ningekwambia."

Ningekwambia! Mwenzangu, niliwaka. Mkopo wa miaka miwili, unakatwa kwenye mshahara unaolisha watu wanne, na mimi nausikia baada ya kishika uchumba? Nilisema mengi usiku ule, mengine nisingependa kuyaandika kwenye kurasa hizi.

Lakini katikati ya makelele kuna kitu kilikuwa kinanichoma. Kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu nilikuwa na milioni 3. Kinavunjwa katikati ya Desemba. Yeye hajui. Hajawahi kujua.

Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu, watoto wamelala, nikasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Aliuliza maswali mawili tu: "Tangu lini?" na "Kwa nini?"

Tangu mtoto wa kwanza. Kwa sababu mama yangu alinilea akiniambia mwanamke asikae mkono mtupu kwenye nyumba ya mtu. Yeye naye akaniambia la kwake: aliogopa nikijua pesa haitoshi nitasema tusubiri, na yeye hakutaka kufika Moshi mwaka wa tatu mfululizo akiwa na Vitz yenye kioo cha nyufa. Hapo wote wawili tukacheka, kicheko cha aibu. Tulikuwa tunabembelezana bei na mtu wa yadi wakati sisi kwa sisi hatujaambiana tuna shilingi ngapi!

Tulivyopanga upya

Mkopo ukafutwa kabla haujatoka. Baada ya kikoba kuvunjwa, mfukoni tulikuwa na milioni 18 kamili, kila mmoja anazijua. Tukaandika kwenye daftari la mkubwa la kuchorea: gari lisizidi 16 na nusu. Inayobaki ni ya bima, matairi, kubadili umiliki na lolote litakalojitokeza. Na litajitokeza tu.

Mume wangu akaleta wazo la kuagiza Japani. Halikuwa wazo baya. Oktoba mwaka ule yen ilishuka mpaka dola 1 ikapita yen 150, magari ya kule yakaonekana rahisi. Aliipenda Wish ya mwaka 2012, cc 1800. Tukafungua kikokotoo cha TRA. Kwa viwango vya wakati ule unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, na VAT asilimia 18. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu: gari la kutembelea la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30. Umri unahesabiwa toka mwaka wa kutengenezwa.

Sasa sikia. Gari la 2012, mwaka 2022 lina miaka 10. Likikata Januari 2023, lina miaka 11. Meli kutoka Japani ni mwezi na zaidi, maana yake likipakiwa Desemba litatukuta upande wa pili wa mwaka. Kwa gari linalothaminiwa dola 4,000, tofauti hiyo peke yake, ukiweka na VAT yake, ilikuwa karibu milioni 2 za Kitanzania. Kwa ajili ya Krismasi moja baharini! Tukaacha. (Wewe unayetaka kuagiza, rudia hesabu hii kwa viwango vya sasa, maana kila Julai mosi bajeti mpya inaweza kuvibadilisha.)

Desemba tukaenda Moshi kwa basi, toka stendi ya Magufuli kule Mbezi, mtoto mapajani. Nilimwona mume wangu anavyojikaza tulipofika. Baba mkwe akachungulia nyuma yetu: "Gari liko wapi?"

"Linakuja, baba."

Mzee akacheka. "Nilikuwa namsubiri mwanangu. Gari halinywi mbege." Yakaishia hapo. Miezi miwili ya presha, na mtu tuliyekuwa tunamwogopa wala hakuwa na habari.

Januari ya watu

Tuliporudi mjini soko lilikuwa limegeuka. Januari ada zinadaiwa, sare zinanunuliwa, na pesa ya sikukuu imeshakwisha. Matangazo ya "maongezi yapo" yakawa mengi kuliko wanunuzi. Safari hii tulikuwa na utaratibu. Anayeongea bei ni yeye. Mimi naangalia viti, mikanda, chini ya zulia. Fundi anakuja siku hiyohiyo, hela haitoki kabla yake. Na mmoja wetu akisema "mtoto anataka kulala", tunaondoka bila mjadala.

Tuliitumia kwenye gari la kwanza, lililosemwa "halidai hata mia". Nilifunua zulia la buti nikakuta bati limenyooshwa na kupigwa rangi mpya. "Baba, mtoto anataka kulala." Dalali alituita mpaka getini, anashusha laki kwa kila hatua. Hatukugeuka.

La pili lilikuwa Kimara, nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu. Wish ya 2010, namba D, ameagiza mwenyewe. Alitaka 18. Fundi akakuta matairi manne yamekwisha na shokapu za mbele zinavuja, lakini injini na gia safi. Mume wangu akasema 15. Mzee akasema 17. Kisha kimya. Chai ikaletwa.

"Nyie ni wanangu, niseme kweli," mzee akasema. "Binti yangu wa mwisho anaingia kidato cha kwanza, bweni. Shule inafunguliwa Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nikamwona mume wangu ananyooka kwenye kiti. Nilijua anawaza nini, maana na mimi niliwaza hivyohivyo: huyu tumempata. Tukinyanyuka sasa, kesho atapiga simu mwenyewe. Na hapo nikavunja utaratibu wetu kwa mara ya pili.

"Mzee, kumi na sita. Tukimaliza kwa wakili, hela inaingia benki leo."

Akaniangalia. Akatikisa kichwa kukubali.

Hatukukimbilia kulipa. Tulilinganisha namba ya chasisi na kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho chake cha NIDA. Tukaangalia kama gari lina deni la faini za trafiki, tukaandikishana mkataba kwa wakili, ndipo tukatuma pesa. Kubadili umiliki TRA tukaanza wiki hiyohiyo. Kwenye kukabidhiana, mzee alifungua mlango wa nyuma akachukua kibanio cha nywele cha bintiye, akakitia mfukoni.

Njiani mume wangu akasema, "Tungelipata kwa kumi na tano na nusu."

"Najua."

Akaendesha mpaka Ubungo ndipo akasema tena. "Lakini sawa."

Desemba 2023 tuliingia Moshi na Wish yetu, bibi akakaa kiti chake mwenyewe kwenda kanisani. Baba mkwe alilizunguka, akapiga teke tairi kama wazee wanavyofanya, akauliza: "Mmenunua bei gani?"

Tukajibu wote wawili kwa pamoja, tarakimu ileile.