Picha za Maharusi Tumezirudisha Nyumbani



Mwaka jana simu tunayopigia picha kazini ilivunjika kioo. Tukaipeleka kwa fundi, akataka na namba ya siri, tukamwandikia kwenye kikaratasi bila kufikiri mara mbili. Siku chache baadaye biharusi mmoja akatupigia. Picha yake ya siku ya hina, kichwa wazi na mabega wazi, aliyopigwa chumbani mbele ya mama yake na somo wake, mumewe kaiona katika simu ya mtu. Hakutugombeza. Alituuliza tu: "Na nani mwengine kaniona?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Sisi ni ndugu watatu, tunachora hina na piko, tunapamba na kupiga picha. Kazi hii inatuingiza vyumba ambavyo mwanamme hagongi hata mlango. Picha zile ni amana, na amri ya kurudisha amana kwa wenyewe tunaisoma katika Suratun Nisaa, aya ya 58. Sasa tulipojikagua tulikuta tumeziweka wapi? Simu mbili, flashi moja isiyojulikana ilipo, na akaunti ya intaneti ambayo nywila yake inajulikana na nusu ya familia.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na kompyuta ya mezani ya marehemu baba, aliyokuwa akiitumia dukani. Dada yetu mkubwa alisomea kompyuta chuoni, akasema hiyo itatosha kuwa ghala la picha la nyumbani. Mama alicheka.

Tulipoifungua kwa bisibisi, vumbi lilikuwa kama unga, na hewa ya chumvi imeshapiga kutu skrubu. Tuliwasha ikapiga milio tu, skrini nyeusi. Tukachomoa kadi ya memori, tukasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa mtoto wa skuli, tukairudisha. Ikawaka! Ila ilidhani bado ni mwaka 2009, kwa sababu ile betri ndogo ya duara, CR2032, ilikuwa imekufa.

Diski tulizikusanya kutoka kompyuta mbovu za jamaa. Kila moja tuliipima afya kwanza kwa programu ya SMART. Moja ilikuwa na sehemu zilizooza, tukaitupa. Diski ya namna hiyo ni kama kanga iliyooza, haichaniki mpaka siku uliyoivaa. Zikabaki mbili za TB 1 tulizozifunga kwa pamoja, kila picha inaandikwa kote kuwili, na moja ndogo ya GB 80 ya kubeba programu yenyewe. Programu inaitwa OpenMediaVault, ni ya bure na haihitaji mashine ya nguvu. Yetu ina memori ya GB 4 na inakwenda.

Tumeiunganisha na rauta kwa waya, na mlango wa kuingilia kutoka nje ya nyumba hatukuufungua kabisa. Diski nazo zimefungwa kwa nywila, ili mwizi akizibeba asione kitu. Usumbufu upo. Umeme ukikatika ukarudi, lazima mtu akaandike nywila upya. Nasi watu wa Unguja tuliokaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tunaujua umeme wetu, kwa hiyo tulinunua na UPS. Hicho ndicho kitu pekee cha gharama.

Kosa letu kubwa lilikuwa kudhani diski mbili ni nakala mbili. Wa kati alifuta folda nzima kwa bahati mbaya, na ikafutika kote kuwili papo hapo. Alhamdulillah picha zilikuwa bado kwenye simu. Diski pacha zinakulinda moja ikifa, mkono wako hazikulindi nao. Sasa tuna diski ya tatu, imefungwa kwa nywila vilevile, inalala kwenye sanduku la nguo kwa shangazi, na kila mwanzo wa mwezi tunaifuata kuongeza mapya.

Biharusi, kabla hujalipa arubuni, muulize mpiga picha wako: zitakaa wapi, nani mwengine ana nywila, na zitafutwa lini? Akikereka, tafuta mwengine. Sisi tunamkabidhi mtu picha zake mkononi, tunabaki nazo miezi 6 endapo atapoteza zake, kisha tunazifuta.

Yule dada tulimwalika baada ya mashine kutulia. Zilizotoka zimetoka, hatukumdanganya. Tulimuonesha folda yake, akaangalia picha moja baada ya moja, akatabasamu kwenye ile aliyokaa na mama yake. Hiyo akaichukua kwa flashi. Zilizobaki akataka azifute mwenyewe, tukampisha kwenye kiti.

Alipomaliza akauliza, "Na ile ya kwa shangazi?"

Tukavaa mabaibui, tukaenda naye.