Kiporo cha The Smiths

Mnamo Novemba 1984, kati ya albamu yao ya kwanza na ya pili, The Smiths wa Manchester, Uingereza, walitoa Hatful of Hollow: mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutolewa mojamoja na nyingine zilizorekodiwa kwa ajili ya vipindi vya redio ya BBC. Je, ni makapi? Hasha! Albamu ya kwanza ilirekodiwa mara mbili, toleo la awali likaachwa. Nyimbo za redioni zilirekodiwa upesi, na gitaa la Johnny Marr linasikika humo likiwa hai zaidi. (Mtunzi anayeuhariri mswada hadi ukapauka anaujua ugonjwa huu.) Humo pia mna “How Soon Is Now?”, utungo mashuhuri uliokuwa umefichwa nyuma ya santuri ya wimbo mwingine. Mwaka 1985 toleo la Marekani la albamu ya pili, Meat Is Murder, likauokota.