Kimo cha Mshipi

Nilipokuwa nikikua Nairobi, bastola ilikuwa ya askari, ya tajiri mwenye leseni, au ya jambazi. Sasa naishi Houston, naendesha teksi usiku, na ninayo moja kiunoni. Hapa Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 kwenda juu ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila kibali. Nilinunua yangu wiki moja baada ya abiria kunipora kwa kisu. Mke wangu hakusema kitu. Alimbeba mtoto tu, akaenda kulala.

Kununua bastola kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuipatia ala.

Nilitaka kuibeba mbele, upande wa kulia wa kitovu, ndani ya suruali, mahali mkono unafika hata nikiwa nimeketi. Ala ya kwanza ilikuwa ya kitambaa, bei ya kutupa. Kila nikichomoa bastola, mdomo wake ulijikunja, na kitambaa kilichojikunja kinaweza kunasa kifyatulio unaporudisha silaha. Sasa fikiria mtutu unaelekea wapi pale mbele. Kuna mshipa mkubwa wa damu pajani, na kuna yale mengine, bana. Nikaitupa.

Ya pili ni ya plastiki ngumu. Inafunika kifyatulio chote, na bastola ikiingia inalia "tak". Ina kibawa kidogo kinachosukumana na mshipi, kikaugeuza mpini ulalie tumbo badala ya kuchomoza chini ya tishati. Nyuma, upande wa chini, kuna kipande cha sponji kinachosukuma mtutu mbele ili mpini uinamie mwilini. Mshipi nao lazima uwe mgumu, la sivyo kila kitu kinalegea. Kimo ndicho kilinisumbua: juu sana, mpini unanidunga mbavu nikiketi; chini sana, siwezi kuushika vizuri. Nikapata katikati. Hata kitambi changu kikazoea.

Nikajiangalia kwenye kioo: mbele, ubavuni, nikiinama. Hakuna kitu. Dukani hakuna aliyegundua. Kanisani pia hakuna.

Kisha alfajiri moja nikarudi nyumbani. Binti yangu ana miaka minne. Alikuja mbio kunikumbatia kama kawaida, na paji lake la uso likagonga pale pale.

"Baba, hii ngumu ni nini?"

Watu wazima wote nilikuwa nimewapiga chenga. Sikuwa nimepima kimo cha mtoto.

Siku hizi nikiingia naenda chumbani moja kwa moja. Sichomoi bastola. Naitoa pamoja na ala yake, kifyatulio kikiwa kimefunikwa, naifungia kwenye kasha la chuma. Yeye anangoja nje. Namsikia akipumua kwenye tundu la ufunguo.

"Tayari, Baba?"

"Bado kidogo, mami."

Ni dakika moja tu. Lakini zamani alikuwa hangoji.