Kupaka Seramiki Ndani ya Injini ya Rotari: Kuna Faida Gani?



Wahariri wameniomba nieleze mradi wangu wa mwaka wa mwisho, kwa sababu kila nikiutaja kwenye hafla zetu watu hucheka. Mmoja aliniuliza kama nataka kuweka vigae ndani ya gari! Basi leo nitaeleza, na anayetaka kuendelea kucheka acheke akiwa anajua anachocheka.

Injini tulizozizoea zina pistoni zinazopanda na kushuka. Ya rotari haina pistoni hata moja. Ndani yake mna rota ya pembe tatu, pande zake zimevimba kidogo, nayo huzunguka ndani ya ganda lenye umbo la nane nene iliyobanwa kiunoni. Aliyeibuni ni Mjerumani, Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Walioishikilia kwa moyo wote ni Mazda wa Japani: Cosmo Sport mwaka 1967, RX-7 kuanzia 1978, halafu RX-8 iliyotengenezwa hadi 2012. Ni injini ndogo, nyepesi, na inazunguka kwa ulaini ajabu. Ila ni mlafi wa petroli, na oili pia inaila.

Sababu mojawapo ya ulafi huo ni joto. Chumba cha kuchomea petroli ni kirefu na chembamba, kwa hiyo gesi inagusa ukuta mwingi, na joto ambalo lingesukuma rota linatorokea kwenye chuma. Tena moto huwaka upande mmoja tu wa ganda, pale pale kila mara. Kwenye injini ya pistoni, silinda iliyotoka kuwaka hupozwa na hewa mpya inayoingia. Hapa, ukuta wa karibu na plagi haupumziki kabisa, huku upande wa pili ukipokea hewa baridi.

Seramiki inaingia hapo. Zirkonia huyeyuka kwenye nyuzi kama 2,700 za Selsiasi (alumini ni 660 tu), na haipitishi joto kirahisi. Unga wake hupulizwa kwa moto wa plazma, ukagandia chuma kama tabaka jembamba, pungufu ya nusu milimita. Kwenye injini za ndege, mapanga ya tabini yamepakwa hivyo kwa miaka mingi.

Sasa, kupaka wapi? Wenzangu kwenye kikundi walisema, "Tupake kila mahali, bwana, tumalize!" Mimi nikakataa, na tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga karakana. Hoja yangu ilikuwa hii. Kila kitu hutanuka kikipata moto, lakini si sawasawa. Kwa kila nyuzi moja, alumini hutanuka karibu sehemu 23 kwa milioni, chuma cha kusubu karibu 11, zirkonia karibu 10. Rota yetu ni ya chuma cha kusubu, kwa hiyo wataelewana na zirkonia. Ganda ni la alumini, na hao watavutana mpaka tabaka limeguke. Na juu ya ukuta wa ganda sili za ncha zinasugua mzunguko wote. Kipande cha zirkonia kikibanduka pale, ni msasa tupu, na sili zimekwisha.

Ukuta unahitaji kitu cha kustahimili msuguano, si blanketi. Mazda walilijua hilo. Gari lao la 787B, lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991, la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo, lilikuwa na rota nne, sili za ncha za seramiki, na ukuta uliopakwa mchanganyiko mgumu wa seramiki na metali. Kuzuia joto ni kazi moja, kuzuia kulika ni nyingine.

Hata kwenye rota mambo si bure. Uso wake ukibaki na moto mwingi, hewa inayoingia inapashwa, inatanuka, na inaingia kidogo. Petroli nayo inaweza kulipuka kabla ya wakati. Ndiyo maana tumekubaliana kupaka nyuso tatu za rota tu, tena kwa wembamba.

Kuna swali lililonisumbua zaidi ya hayo. Mjomba wangu, dereva wa matatu aliyehangaika sana na harambee yangu, aliniuliza kwenye simu: "Mwanangu, hiyo injini itatufaa nini sisi?" Ni haki yake kuuliza, jasho lake limo. Nilimwambia aangalie jiko la makaa pale jikoni, lile lenye kiuno, lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980. Nje bati, ndani udongo uliochomwa, na makaa yanapungua kwa sababu joto halitoroki. Likiharibika linaharibikaje? Udongo unapasuka na kuachana na bati. Mafundi wa Shauri Moyo huweka katikati saruji iliyochanganywa na vamikulaiti. Sisi katikati tunaweka aloi ya nikeli na kromiamu. Tatizo ni lile lile. Pengine rotari haitafika kwenye matatu yake kamwe, lakini anayejua kuvishikanisha udongo na chuma ndani ya moto ana kazi nyumbani: majiko, tanuri, boila za viwanda vya chai.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua jiko la namna hiyo linaweza kudumu miaka mingapi zaidi. Bado namdai jibu, na nimelianzia hesabu.

Injini yenyewe haijafa. Mwaka 2023 Mazda waliirudisha kwenye MX-30 R-EV, rota moja ya sentimita za ujazo 830, ikizalisha umeme tu badala ya kusukuma magurudumu. Rota yetu inakwenda kupulizwa muhula ujao. Tutaipima uzito kabla na baada ya kuiendesha, maana gramu zitakazopungua ndizo zitakazosema kama tabaka limeshika. Anayetaka kushuhudia aje karakana, ila avae viatu vya kufunika vidole, mlinzi yule hana mchezo.