Jiwe la Papa, jiwe langu

Papa alipasuliwa figo ya kushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali ya kampuni ya migodi ya Gécamines hapa Kolwezi, Kongo. Kovu lilianzia mgongoni chini ya mbavu, likazunguka ubavu mpaka karibu na kitovu. Hakulipa hata likuta moja. Kampuni ndiyo iliyotupa nyumba ya Kapata, unga wa poso, shule na munganga. Alikaa nyumbani muda mrefu kabla ya kushuka tena mgodini Kamoto.

Wakati huo, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walikwisha kuvunja mawe bila kisu. Mgonjwa wao wa kwanza alitibiwa Februari 1980. Wazo lilitoka kwa waunda ndege wa Dornier, waliokuwa wakichunguza matone ya mvua yanavyoipiga ndege inayoruka kasi kuliko sauti. Mgonjwa alitumbukizwa kwenye hodhi la maji, mawimbi ya mshtuko yakapita majini na mwilini, yakakutana kwenye jiwe.

Huku tulikuwa na mambo mengine. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufikia 1994 zilitoka kama tani 30,000. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka, Papa akiwamo. Kuanzia hapo, ukiugua unatafuta feza kwanza.

Jiwe langu lilionekana kwenye ekografi, sentimeta moja na nusu. Majirani walilaumu lengalenga. Munganga aliniuliza ninakunywa maji kiasi gani barabarani. Mimi ni dereva wa lori la shaba, na kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, joto lote lile, dereva hanywi: akishuka kukojoa, wa nyuma anampita.

Ikabidi nisafiri kilomita kama 300 hadi Lubumbashi, kisha ndege hadi Johannesburg. Hodhi halikuwapo tena. Nililala kitandani, mto wa maji uliopakwa jeli ukanigusa ubavuni, mashine ikaanza kugonga ta, ta, ta, kama fundi anayenyoosha bati. Walianza na mapigo mepesi, wakaongeza, yalipita 2,000. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kunywa maji na kukojolea kwenye chujio la chai. Punje za kahawia zikatoka, nikazipeleka maabara. Nyingine zilikwama njiani, na maumivu yake sitaki kuyaeleza. Ndiyo maana mwenye jiwe kubwa mara nyingi huwekewa kwanza kijimpira kutoka figo hadi kibofu, mkojo usizibe.

Niliporudi Papa aliniambia nivue shati. Alinikagua mgongo mzima, akakuta wekundu kidogo tu.

“Sasa kisu walipitisha wapi?”

“Hakuna kisu, Papa.”

“Basi walikula feza yako bule.”

Siku hizi shemeji yangu ana jiwe la sentimeta mbili na nusu. Nilimsifia mawimbi, daktari akakataa: likishazidi sentimeta mbili, vipande huwa vingi mno. Bora kutoboa tundu dogo mgongoni, kupitisha kamera, kulisaga jiwe na kuvitoa vipande papo hapo. Shemeji ameuza pikipiki, sasa anafuatilia paspoti.