Upepo wa Ghuba ya Winam

Mgeni ashukaye kutoka milima ya Nandi kwenda Kisumu huyaona maji ya Ziwa Victoria kwa mbali, yametandaa kama mkeka, naye hudhani kwamba hapana mahali penye amani kuliko hapo. Wavuvi wa Dunga, ambao mashua zao hulala ufukoni kusini ya mji, hawadhani hivyo. Wao hulitazama ziwa kama mchungaji amtazamavyo fahali aliye mpole: humpenda, wala hamgeuzii mgongo.

Wajaluo huliita ziwa hili Nam Lolwe, na mkono wake uingiao ndani ya nchi ya Kenya huitwa Winam, maana yake kichwa cha ziwa. Katika ramani za utawala wa Waingereza uliandikwa Ghuba ya Kavirondo. Ziwa zima lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na uso wake uko meta 1,134 hivi juu ya bahari. Ghuba ya Winam ni sehemu ndogo tu ya maji hayo, kilomita za mraba 1,400 hivi, nayo hutokea katika ziwa kubwa kwa kupita njia nyembamba karibu na kisiwa cha Rusinga. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ulipokuwa ukiitwa Port Florence, meli za moshi zilianza kubeba mizigo mingi. Lakini watu wa Kendu Bay, Asembo na Homa Bay walizidi kutegemea kasia, na tanga la pembe tatu lililotoka pwani. Hata leo, ambapo injini za petroli zimeenea, tanga halijatoweka, kwa kuwa upepo hauuzwi dukani.

Tena upepo wa Winam ni mtumishi mwenye saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukamsukuma mvuvi mpaka penye nyavu zake. Mchana jua likiisha kuipasha nchi moto, hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo wa ziwani huja kushika nafasi yake. Ndio umrudishao mvuvi nyumbani.

Lakini kazi hiyo hiyo ya jua ndiyo izaayo hatari. Hewa ya ziwani iliyojaa mvuke hupanda milima ya Nandi na Kericho, hukutana huko na upepo utokao mashariki, na alasiri mawingu meusi hurundikana. Mvua ikianza kunyesha huteremsha hewa baridi kwa nguvu. Hewa hiyo ikigonga ardhi hutawanyika kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ikakimbia mbele ya mvua mpaka juu ya ghuba. Hiyo ndiyo dhoruba ya ghafula.

Chukua mfano wa mashua iliyoondoka upande wa Kendu Bay saa nane mchana kurudi Dunga. Ndani wamo watu watatu: nahodha kwenye usukani, kijana aliyeshika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, na mwingine wa kufua maji. Samaki wao ni ngege, na barafu hawana. Mnunuzi anawangoja ufukoni, na deni la nyavu halijalipwa. Upepo wa magharibi uko nyuma yao na safari ni njema. Mara upepo unakufa. Tanga linalegea. Mbele yao, upande wa Nandi, mbingu imekuwa nyeusi, na chini ya wingu maji yamepigwa mstari wa rangi ya majivu.

"Tua tanga," asema nahodha.

"Mzee, Dunga ile pale! Tukipiga makasia tutafika."

"Tua tanga, mwanangu. Dunga haikimbii."

Nahodha anajua kwamba upepo ujao utatoka mbele, si nyuma. Ukilikuta tanga la pembe tatu bado limetwekwa, utaligandamiza pamoja na foromali yake kwenye mlingoti, na hapo hata watu watatu hawawezi kuliteremsha. Basi tanga linashushwa na kufungwa wakati ambapo bado hapana upepo, na aliye mjinga atacheka. Nanga inatupwa kwa kamba ndefu, ili omo ya mashua iyaelekee mawimbi. Watu wanakaa chini katikati ya chombo. Karibu na Kisumu kina cha maji ni meta chache tu, kwa hiyo mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana upesi. Chombo kikiwapa ubavu hujaa maji.

Upepo unapiga, mvua inafuata, na mfua maji hapumziki. Baadaye mbingu zinafunguka, na watu watatu wanatweka tanga wakiwa wameloa. Wamechelewa, na bei ya samaki imeshuka.

Kama dhoruba imemkuta mtu tanga likiwa juu, asiifunge demani kwa fundo. Aishike mkononi, aiachie mara upepo unapozidi, kisha aelekeze omo kwenye upepo na kuteremsha tanga. Amri na iwe ya mtu mmoja, kwa maana nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na mashua ikipinduka, watu wasiiache wakaogelea kuelekea pwani. Mbao huelea, na nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo.

Kupita Rusinga na Mfangano, katika ziwa kubwa, saa za hatari hugeuka. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pwani zote hukutana juu ya maji, na ngurumo hulia wakati wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, pamoja na nchi za Afrika Mashariki, lilianzisha mradi wa kuwapasha wavuvi habari za upepo na mawimbi kabla hawajaondoka. Habari hizo ni msaada mkubwa, na koti la kuelea ni msaada mwingine.

Hata hivyo, hakuna redio iwezayo kumteremshia mtu tanga lake. Watu wa pwani husema, dau la mnyonge haliendi joshi, maana maskini hapati njia rahisi ya kushindana na upepo. Ni kweli kwamba mwenye deni huona kila saa ni fedha, na ndiyo sababu mkono wake huchelewa kuigusa kamba. Lakini bei ya samaki iliyoshuka leo yaweza kupanda kesho. Wale watatu wa Dunga waliuza kwa hasara jioni ile, na alfajiri, upepo wa nchi kavu ulipoanza kuvuma, wote watatu walikuwapo kuitia mashua majini.